Mahindi Uliyoyakataa Getini

Resti mwanangu,

Mambo ya kufunga begi na kutunza nauli baba yako amekwisha kukuambia, na najua atakuambia tena kesho mpaka mlango wa basi ufungwe. Huko sina la kuongeza. Nakuandikia mchana huu nikiwa jikoni shuleni, maharage ya wanafunzi yakiwa motoni, kwa sababu nikisema kwa mdomo napiga kelele, na nikipiga kelele wewe unachukua simu yako unatoka nje, na baba yako anasema nikuache uende kwa amani. Sina amani ya kukupa. Nina hasira, na nimeona afadhali uondoke ukiijua ilikotoka kuliko uondoke ukidhani mama alinuna tu kwa kuwa unakwenda mbali.

Jumapili tulipogombana kule zizini ulisema neno, ukalirudia. "Mama, mimi nilifanya kazi yangu sawasawa." Wiki nzima nimelizungusha kichwani nikitafuta uongo ndani yake, sikuuona. Ulifanya kazi yako sawasawa. Mimi nikafanya yangu sawasawa. Baba yako naye hivyohivyo. Na sawasawa zetu zote zimeishia kwenye kikombe cha mwanao Samu. Ngoja niyapange tangu mwanzo, maana siku ile hatukuongea, tulirushiana maneno.

Yalianzia Endasak, kwa mama yako mdogo Anjela. Unajua kule kwao mahindi huachwa yakaukie kwenye bua mpaka ukipita shambani yanalia kama karatasi. Yakishavunwa ndipo wafugaji wa tambarare wanapandisha ng'ombe wao kula mabua, na wakiondoka wanaacha mbolea. Ndivyo walivyokubaliana tangu enzi za babu zao, na hakuna aliyeandikiana na mwenzake. Mwaka huu malisho ya huko chini yalikauka mapema, na yale ambayo hayakukauka yamelimwa, maana kila msimu kuna trekta jipya linakula ukingo mwingine wa tambarare. Basi ng'ombe wakapanda kabla ya wakati. Huwezi kumwambia ng'ombe mwenye njaa asubiri mahindi ya Anjela yakauke, na mwenye ng'ombe naye ana watoto. Watu wakavuna haraka haraka, mahindi yakiwa bado mabichi. Anjela hana turubai. Aliyarundika kwenye chumba wanacholala watoto, mvua ya kuvizia ikanyesha, paa likavuja kidogo. Aliniambia ukiingiza mkono katikati ya rundo unahisi joto, kama umeuingiza chini ya kuku anayelalia.

Hilo ni jambo la kwanza lililonikasirisha, kwamba wewe uliyesoma hulijui. Nilipokuuliza yale mahindi yaliharibikia wapi, ulisema yaliharibikia kwenye uhifadhi. Uhifadhi! Yaliharibikia kwenye nyasi, Resti. Yaliharibikia tambarare, huko ambako hakuna hata bua moja la hindi.

Halafu yakaja kwako. Ulikuwa fildi ya chuo kwenye kile kiwanda cha unga, na mimi hapa jikoni nilikuwa nawaringia wenzangu kwamba binti yangu amepewa koti jeupe na amewekwa getini kupima mahindi. Anjela na majirani zake walichanga wakakodi lori. Alipanda juu ya magunia, akapigwa baridi njia nzima, na njia nzima akawaambia wenzake wasiwe na wasiwasi, getini yuko mtoto wetu. Ukachoma kipimo kwenye gunia lake. Ukasoma namba ya unyevu. Ukamwaga konzi moja kiganjani, ukaona ule ukungu wa kijani wenye sumu, ukasema, "Haya yana sumukuvu, hayapokelewi." Ulikuwa sahihi. Ningekuwa mimi mwenye kiwanda ningekupandisha cheo.

Lakini hukumwamkia.

Jioni ile Anjela alinipigia simu, na hakulalamikia mahindi hata kidogo. Alisema, "Dada, mtoto alinitazama kama hanijui." Nilikuuliza, ukaniambia bosi alikuwa amesimama nyuma yako, hukutaka ionekane unapendelea ndugu. Nimekusikia. Ila niambie, shikamoo ingebadilisha namba kwenye kipimo? Mwanamke aliyekubeba mgongoni mwaka mzima nilipokuwa naumwa, anasimama mbele yako na vumbi la njiani usoni, unamwita "mteja anayefuata". Nilitaka kukufuata kiwandani siku hiyohiyo nikuvue lile koti mbele ya watu.

Na si adabu tu ninayoisema, ingawa adabu peke yake ingetosha. Wewe unajua salamu zetu haziishi kwa shikamoo na marahaba. Ungemwamkia, angekuuliza habari za nyumbani, nawe ungemuuliza za kwake. Watoto wanaendeleaje, mmevunaje, mmebakiza nini, mnakula nini. Ungefika mwenyewe kwenye lile rundo chumbani bila kutumwa na mtu. Badala yake ulimwambia sumukuvu, ukaita gunia jingine. Anjela alidhani hilo ni jina la daraja, kwamba kuna mahindi ya daraja la kwanza, la pili, na la sumukuvu. Akarudi Endasak akaendelea kupika yaliyobaki.

Nje ya geti yule dalali alikuwapo. Anakaa pale kila siku na gari lake, anasubiri yanayokataliwa, na wewe kila siku ulimpita ukienda kunywa chai. Aliyachukua ya Anjela kwa bei ya kumwondolea aibu. Nilipokuuliza kwa nini hukusema lolote, ukajibu kwamba yule hakuwa ndani ya geti. Nililitafakari jibu hilo nikasema kumbe mwanangu ana mipaka mingi kuliko wilaya.

Sasa sikiliza habari yangu mimi, maana sitaki uende ukidhani nimejitoa. Yale magunia yule dalali aliyaleta hapa shuleni. Niliyatambua kabla hayajafunguliwa. Kila mwanamke anashona mdomo wa gunia kwa uzi wake, na Anjela tangu mwaka juzi anatumia nyuzi za kijani alizofumua kwenye sweta kuukuu la mwanawe. Nikafungua moja, nikanusa, nikajua ndiyo yaleyale. Mtunza stoo ni mtu mwema, akanisihi. Alisema stoo imekauka, nikiyakataa watoto watalala na njaa, tuyachambue tu yaliyooza na yanayobaki tupike makande. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikasema gunia hata moja halivuki hapa. Wakapakia, wakaondoka nayo. Siku ile tulipika viazi vitamu na maharage, havikutosha, wanafunzi wakanung'unika, na mimi nikajiona shujaa.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani? Nilisimulia mezani mara mbili. Ulicheka kwa furaha, ukanipa mkono, ukasema, "Mama, wewe ni mwanasayansi." Kati yetu watatu pale mezani hakuna aliyeuliza lile gari lilielekea wapi. Mimi nami nilikuwa na geti langu, na nilipolifunga niliona dunia imeishia hapo.

Baba yako aliyakuta sokoni. Mahindi ya kuparaza, ya mifugo, bei nafuu, na mashudu yamepanda. Ng'ombe wetu ananyonyesha, anahitaji nguvu. Angefanya nini? Alinunua, jirani yetu naye akanunua, wakayaparaza yakawa chenga, wakachanganya na pumba. Aliniambia ng'ombe hachagui. Na kweli maziwa yaliongezeka, nikafurahi, nikamwongezea Samu kikombe cha jioni. Kwa mkono wangu huu.

Jumapili nilikwenda zizini kutafuta gunia tupu la kubebea samadi. Nikayaona yamekunjwa vizuri kwenye kona, kila moja na uzi wake wa kijani umening'inia mdomoni. Nilikuita. Ulikuja umembeba Samu kiunoni, kikombe mkononi mwake, povu la maziwa juu ya mdomo. Nilionyesha kwa kidole tu. Kabla sijafungua kinywa, wewe ulichukua kile kikombe kutoka kwa mtoto.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ulikuwa unajua.

Nikakuuliza. Ukasema ndiyo, ng'ombe akila mahindi yenye sumukuvu, sumu inapita kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Nikauliza mbona siku ile getini hukuliwaza hilo, mbona mezani hukulisema. Ukasema, na nakuandikia maneno yako kama yalivyo ili uyaone kwenye karatasi: "Tulisoma, Mama, lakini hilo liko kwenye somo la maziwa. Nafaka ina mwalimu mwingine."

Sijawahi kukasirika namna ile. Si kwako tu. Nilikasirikia chuo nilichouzia shamba la bibi yako ili uingie. Wamekufundisha nafaka kwenye chumba kimoja na maziwa kwenye chumba kingine, na kati ya vyumba hivyo hawakuweka hata mlango. Wamekufundisha mdudu wa kwenye punje ana majina mangapi. Ng'ombe wetu hana muhula, Resti. Anakula leo, anakamuliwa leo, na mwanao anakunywa leo.

Lakini nikishakasirikia chuo, nakumbuka mkeka. Kabla hujajua kusoma nilikukalisha juu ya mkeka kule shambani Maretadu, nikakufundisha kuchagua mahindi mafungu matatu. Mazuri ya kuuza. Ya katikati ya kula. Mabovu ya pombe, yale yenye ukungu na yaliyovunjika, tuyaloweke kwa ajili ya watu watakaokuja kutusaidia kulima. Ulikuwa na vidole vyepesi, nikakusifia mbele ya wageni. Na mimi nilifundishwa hivyo na mama yangu, naye na mama yake. Wanawake wa kwetu wote tunajua mafungu matatu, na tunaona ni usafi, ni akili, ni kutotupa chakula. Sijui wangapi walikunywa lile fungu la tatu wakarudi kwao wakisema tumewakirimu. Nilitaka kulaumu kiwanda kwa lile geti, nikaona kiwanda hakijabuni kitu. Ni mkeka uleule, umejengewa ukuta tu.

Ndiyo maana nakuambia, chuo hakikukuharibu. Kilikukuta tayari unajua kusogeza kibaya upande ule kwa mkono mwepesi bila kumtazama anayekaa upande ule. Kilichonichoma ni kwamba nilikupeleka ukaachishwe hilo, nao wakakupa kipimo ulifanye kwa haraka zaidi.

Na ile mashine ya kukaushia. Ulituambia kwa majivuno ilivyo kubwa, inavyopumulia hewa ya moto kwenye mahindi usiku na mchana. Nikauliza kwa nini basi mahindi ya Endasak yasipitishwe humo wiki ileile yanapovunwa, kabla hayajachemka. Ukasema mashine ni ya mahindi yaliyokwisha kupokelewa. Na yanayopokelewa ni yaliyokauka. Nilidhani umekosea, nikakuomba urudie, ukarudia hivyohivyo bila kucheka. Kwa hiyo anayekaushiwa ni yule aliyekauka. Hivi kuna mtu mle ndani alikaa akalifikiria hilo akaona lina akili?

Nisikupunje. Kuna jambo moja ulilifanya wiki hii, nami nimelihifadhi. Jumatatu baba yako aliposema maziwa tuwapelekee watu wa mgahawa kama kawaida, maana wao wanayatia kwenye chai na yanachemka sana, ulisimama mbele yake. Wewe ambaye hujawahi kumjibu. Ulisema, "Hapana, Baba. Na wao wana watoto." Ukachukua ndoo ukamwaga nyuma ya nyumba. Baba yako si mtu mbaya, ni mtu aliyezoea kwamba kitu kikitoka nyumbani kimetoka. Siku ile nilikupenda na hasira yangu ikiwa palepale.

Sasa kuhusu kesho. Tiketi yako nimeibadilisha bila kukuuliza. Utashukia Dareda, upande gari la Katesh, ulale Endasak kwa mama yako mdogo, keshokutwa ndipo uendelee na safari. Chuo hakitakimbia. Gunia moja la mahindi yetu ya Maretadu, makavu, litapakiwa pamoja na begi lako. Ukifika, umweleze Anjela mwenyewe, kwa maneno ya kwenu na si ya darasani, kwamba yale yaliyobaki chumbani asile, asiloweke pombe, asimpe kuku wala ng'ombe. Yachimbieni shimo, wewe uwe wa kwanza kushika jembe.

Nilimpigia juzi nikajaribu kumweleza. Akasema, "Sasa nichague nini, dada? Sumu yako au njaa yangu?" Hakusema kwa ukali. Na gunia moja si jibu, litaisha kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo nakupa swali lake uende nalo. Ukakae nalo darasani. Mwalimu wa nafaka akimaliza kufundisha, nyanyua mkono umuulize yanayokataliwa yanakwenda wapi na nani anayala. Akisema hilo ni somo la mwingine, mfuate huyo mwingine. Wakikuona msumbufu, sawa. Mimi hapa jikoni wananiona msumbufu tangu siku ya mwiko na bado nalipwa. Sikutumi ukaokoe nchi. Nataka tu ukipewa koti jeupe tena, na utapewa, mguu wako mmoja uwe nje ya geti.

Samu nitamlea. Hilo usiwe na shaka nalo, nimekulea wewe na hukufa. Anacheza, analala, anakula uji, ukimtazama huoni kitu. Ulinieleza mwenyewe kwamba haionekani, inafanya kazi yake polepole kwenye mwili wa mtoto, na kwamba ng'ombe akiachishwa yale mahindi, baada ya siku chache maziwa husafika. Nakuamini. Hizo siku chache bado hazijaisha. Ulishauri nichukue ya jirani, ukasahau alinunua sokoni pamoja na baba yako. Na hata ningeyapata ya nyumba ya mbali, ningejuaje ng'ombe wao alikula nini? Zamani nilikuwa nanunua maziwa bila kuuliza. Hilo nalo nimenyang'anywa.

Kila asubuhi tangu Jumatatu anaamka, anashuka kitandani kwa tumbo, anakwenda kuchukua kikombe chake, ananiletea. Namwambia hakuna. Anaona ndoo imejaa. Anaonyesha ndoo kwa kidole, ananitazama, anadhani sijaona, anaonyesha tena. Wewe saa hizo umekuwa ukijifunika shuka, nimekuona.

Basi lako linaondoka alfajiri, lakini yeye huamka kabla yake. Kesho sitaamka mimi. Atakuletea wewe kikombe. Mnyime mwenyewe, umtazame mpaka amalize kulia, ndipo uende kusoma.

Mama yako.